MTO NI MMOJA, TUGAWANE MAJI

Je, mto ulio karibu na kijiji chako una maji mwezi wa Oktoba? Je, ulikuwa na maji mwezi huo huo wakati wazazi wako walipokuwa vijana? Waulize wazee. Huenda watakuambia hivi: "Zamani mto huu haukukauka. Kiangazi tulivua samaki hapa. Siku hizi watoto wanacheza mpira mchangani."

Watu wengi wakiona mto umekauka husema, "Mvua zimepungua." Mara nyingine ni kweli. Lakini mara nyingine mvua imenyesha milimani, maji yameshuka, na bado mto umekauka huko chini. Hapo tusiilaumu mvua peke yake. Tutazame pia namna tunavyogawana maji.

Makala hii inaeleza habari za mto mmoja wa nchi yetu, Mto Ruaha Mkuu. Hata kama unaishi mbali na mto huo, habari zake zinakuhusu. Yaliyotokea Ruaha yanaweza kutokea kwenye mto wako.

BONDE LA MTO NI NINI?

Tazama paa la bati wakati wa mvua. Maji yanaanguka kila mahali juu ya paa. Kisha yanateremka, yanakutana, na yote yanaingia katika pipa moja. Bonde la mto liko hivyo. Mvua inanyesha juu ya milima, vilima na mashamba. Maji yanateremka katika vijito. Vijito vinakutana na kuwa mto. Ardhi yote inayoleta maji yake katika mto mmoja huitwa bonde la mto huo.

Bonde halijui mipaka ya kijiji. Halijui mipaka ya wilaya wala ya mkoa. Mtu wa milimani na mtu wa pwani wanaweza kuwa katika bonde moja, ingawa hawajapata kuonana.

Tanzania Bara imegawanywa katika mabonde 9 ya maji. Nayo ni haya: Pangani, Wami na Ruvu, Rufiji, Ruvuma na Pwani ya Kusini, Ziwa Nyasa, Bonde la Kati, Ziwa Rukwa, Ziwa Tanganyika, na Ziwa Victoria. Kama unaishi Tanzania Bara, kijiji chako kimo katika mojawapo ya mabonde hayo. Je, unajua ni lipi?

Ruaha Mkuu umo katika Bonde la Rufiji. Bonde hilo ni kubwa sana. Lina karibu kilomita za mraba 177,000. Hiyo ni kama sehemu moja ya tano ya Tanzania Bara.

SAFARI YA RUAHA MKUU

Ruaha Mkuu unaanzia katika milima ya Kipengere na Uporoto, upande wa Mbeya na Njombe. Huko juu mvua ni nyingi. Hupita milimeta 1,000 kwa mwaka. Mito kadhaa inateremka kutoka nyanda hizo za juu. Miongoni mwake ni Mbarali, Kimani, Chimala na Ndembera.

Mito hiyo inafika katika tambarare ya Usangu. Hapo mvua ni chache zaidi, lakini ardhi ni nzuri na ni tambarare. Maji ya milimani yamefanya Usangu kuwa shamba kubwa la mpunga. Mchele wa Mbeya unajulikana hadi masoko ya Dar es Salaam.

Kupita mashamba, maji yanaingia katika kinamasi kiitwacho Ihefu. Ihefu ni kama bakuli. Ukingo wa bakuli hilo ni mwamba, mahali paitwapo Ng'iriama. Bakuli likijaa, maji yanapita juu ya mwamba na mto unaendelea na safari yake. Maji yakishuka chini ya ukingo, hayatoki hata tone moja.

Baada ya Ng'iriama, mto unapita katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Tembo, viboko, mamba, nyati na samaki wanautegemea. Kisha unafika bwawa la Mtera, mpakani mwa Iringa na Dodoma. Hapo maji yanazungusha mitambo ya umeme. Maji yale yale yanateremka hadi Kidatu, mkoani Morogoro, na kuzungusha mitambo mingine. Mitambo ya Kidatu ilianza kazi mwaka 1975. Inaweza kutoa megawati 204 za umeme. Mitambo ya Mtera ilianza mwaka 1988. Inaweza kutoa megawati 80.

Mwisho, Ruaha Mkuu unaingia katika Mto Rufiji. Kwa kila ndoo 100 za maji ya Rufiji, ndoo kama 15 zinatoka Ruaha Mkuu. Nyingi zaidi, ndoo kama 60, zinatoka Mto Kilombero. Maji hayo yote yanafika katika Bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kujazwa maji Desemba 2022. Mtambo wake wa kwanza ulianza kutoa umeme mwaka 2024. Kutoka hapo maji yanakwenda kwa wakulima na wavuvi wa Rufiji, na hatimaye baharini.

Hesabu, ndugu msomaji, ni watu wangapi wanaoutegemea mto huu. Yupo mkulima wa mpunga. Yupo mfugaji. Yupo mvuvi wa Ihefu na mvuvi wa Mtera. Yupo mama anayechota maji mferejini. Yupo fundi cherehani wa mjini anayetumia umeme. Yupo mgonjwa aliyelazwa katika hospitali yenye taa. Hawa wote wanatumia mto mmoja.

MTO UNAKAUKA

Zamani Ruaha Mkuu ulipita katika Hifadhi ya Ruaha mwaka mzima. Wakati wa kiangazi maji yalipungua, lakini yalitiririka.

Mwaka 1993 mambo yalibadilika. Kiangazi cha mwaka huo mto uliacha kutiririka hifadhini. Tangu hapo umekauka karibu kila kiangazi. Mara nyingine umekauka kwa wiki chache. Miaka mingine umekauka kwa zaidi ya miezi 3.

Mto ukikauka, viboko wanasongamana katika vidimbwi vichache. Maji yanakuwa machafu. Samaki wanakufa. Wanyama wanatoka hifadhini kutafuta maji, na wengine wanaingia katika mashamba ya watu. Kwa hiyo hasara si ya wanyama tu. Ni ya mwananchi pia.

Katika miaka ya 1990 nchi ilipata pia shida ya umeme. Maji ya Mtera yalishuka, na umeme ukatolewa kwa mgao. Mwaka 2006, baada ya ukame mkubwa, mgao ulirudi. Viwanda vilisimama kwa saa nyingi. Mashine za kusaga zilinyamaza.

NANI AMEMALIZA MAJI?

Maji yakiisha, watu huanza kunyosheana vidole.

Mkulima wa mpunga alisema, "Ng'ombe wamejaa Ihefu. Wao ndio wamemaliza maji."

Mfugaji alijibu, "Ng'ombe wangu anakunywa ndoo mbili kwa siku. Jaruba lako linakunywa mto mzima."

Mtu wa tambarare alisema, "Watu wa milimani wamekata miti."

Mtu wa mjini alisema, "Watu wa Usangu wamefunga maji yetu ya umeme."

Nani alisema kweli? Watafiti walikwenda Usangu kupima. Miongoni mwao walikuwemo wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kilichopo Morogoro. Walipima maji mtoni, katika mifereji na mashambani, mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000. Waliona mambo matatu.

Jambo la kwanza: mto haukukauka kwa sababu maji yameacha kushuka kutoka milimani. Maji yalishuka hata kiangazi, lakini yaliingizwa katika mifereji kabla ya kufika Ihefu. Mifereji mingi iliachwa wazi mwaka mzima, hata mpunga ulipokuwa umekwisha kuvunwa.

Jambo la pili: Ihefu yenyewe inahitaji maji mengi. Jua linakausha maji, na majani ya kinamasi yanakunywa. Watafiti walikadiria kwamba ili lita 500 kwa sekunde zitoke Ng'iriama wakati wa kiangazi, lazima lita kama 7,000 kwa sekunde ziingie Ihefu. Kwa hiyo maji yakipungua kidogo tu huko juu, huko chini hayatoki kabisa.

Jambo la tatu: shida ya umeme haikuletwa na wakulima wa kiangazi peke yao. Bwawa la Mtera linajazwa hasa na mafuriko ya msimu wa mvua. Kwa hiyo namna bwawa lenyewe linavyoendeshwa ni jambo kubwa. Ukifungulia maji mengi mwaka wa mvua nzuri bila kuweka akiba, mwaka wa ukame utalia.

Hii haina maana kwamba tukate miti. Miti inashika udongo na kulinda chemchemi. Wala haina maana kwamba ng'ombe wakanyage kingo za mto wapendavyo. Maana yake ni kwamba tukimtafuta mkosaji mmoja, hatutauponya mto.

Ushahidi upo. Mwaka 2001 Serikali iliahidi kwamba ifikapo mwaka 2010 Ruaha Mkuu utatiririka tena mwaka mzima. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji wengi na mifugo yao waliondolewa Ihefu. Mwaka 2008 eneo hilo liliingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Kuhama kulikuwa kugumu kwa familia nyingi, na mifugo mingi ilipotea. Lakini baada ya 2010 mto uliendelea kukauka kiangazi. Mwaka 2022, mwaka wa ukame, ulikauka tena. Kundi moja lilibeba mzigo, na maji hayakurudi.

TUFANYE HESABU YA NDOO

Ndugu msomaji, umejifunza hesabu. Sasa tuitumie.

Sera ya Maji ya mwaka 2002 ilisema kwamba mtu wa kijijini apate angalau lita 25 za maji safi kila siku. Kwa mwaka mzima hizo ni lita 9,125.

Sasa tazama mpunga. Ekari moja ya mpunga, tangu kulowekwa hadi kukomaa, inaweza kutumia maji ya kina cha mita moja. Hizo ni lita milioni 4. Ukizipima kwa ndoo za lita 20, unapata ndoo 200,000. Sehemu ya maji hayo huletwa na mvua inayonyesha shambani. Sehemu nyingine huletwa na mfereji.

Gawanya lita milioni 4 kwa lita 9,125. Utaona kwamba maji ya ekari moja ya mpunga yanatosha watu zaidi ya 430 kwa mwaka mzima. Ng'ombe anayekunywa lita 40 kwa siku hutumia lita 14,600 kwa mwaka. Basi ekari hiyo moja ni sawa na maji ya kunywa ya ng'ombe kama 270.

Je, hesabu hii inatuambia tuache kulima mpunga? Hapana. Mpunga ni chakula, na ni ada ya shule. Katika Usangu, mwaka wenye mvua nzuri, mpunga ulifika karibu hekta 40,000. Hekta moja ni ekari mbili na nusu. Maelfu ya familia wanaishi kwa mpunga huo. Tena maji ya jaruba hayapotei yote. Mengine hurudi mtoni kwa mtaro.

Hesabu hii inatuambia jambo jingine. Ukipoteza maji ya shamba kidogo tu, umepoteza maji ya kunywa ya kijiji kizima. Na ukiokoa maji ya shamba kidogo tu, umeokoa maji ya kijiji kizima.

BANIO LA MAWE NA BANIO LA ZEGE

Mahali ambapo maji yanatolewa mtoni na kuingizwa mferejini huitwa banio.

Zamani wakulima wa Usangu walijenga mabanio kwa mawe, miti, majani na udongo. Banio la namna hiyo linavuja. Mafuriko yakija, linavunjwa. Kila mwaka wakulima walilijenga upya kwa jasho.

Baadaye ilikuja miradi ya kujenga mabanio ya zege yenye milango ya chuma. Watu walifurahi. Banio la zege halivunjiki. Linawapunguzia wakulima kazi ngumu.

Lakini banio la zege halivuji. Banio la mawe, kwa kuvuja kwake, lilikuwa linawaachia maji watu wa chini. Banio la zege, kama mlango wake umefunguliwa wote wakati wa kiangazi, linaweza kuuchukua mto wote. Watu wa juu wanasema, "Mradi wetu umefanikiwa." Watu wa chini wanasema, "Mto wetu umekufa." Wote wawili wanasema kweli.

Kosa si zege. Zege ni zuri. Kosa ni kupanga kwa kutazama kijiji kimoja na kuusahau mto. Kila mtu akipanga peke yake, mipango mizuri kumi inaweza kuua mto mmoja.

Hivyo hivyo kuhusu vibali. Mtu anayetaka kuchukua maji mengi mtoni hupewa kibali. Kibali husema ni lita ngapi kwa sekunde. Sasa tuseme kibali cha skimu moja ni lita 200 kwa sekunde. Msimu wa mvua mto una lita 4,000. Skimu ikichukua 200, hakuna anayelalamika. Lakini kiangazi mto una lita 220. Skimu ikichukua zile zile 200, wa chini wanabaki na 20. Mwenye kibali hakuvunja kibali chake. Lakini jirani yake hana maji. Kwa hiyo ni bora kugawana kwa mafungu: mto ukijaa, kila mmoja apate zaidi, mto ukipungua, kila mmoja apunguze.

MCHEZO WA GOLOLI

Watafiti waliokwenda Usangu walitengeneza mchezo wa kufundishia. Walichonga ubao mrefu na kuulaza kwa mteremko. Juu ya ubao walionyesha mto. Kando ya mto waliweka mashimo madogo, ndiyo mashamba. Gololi ndizo zilikuwa maji. Wakulima walikaa kando ya ubao, wengine juu, wengine katikati, wengine chini. Kila mmoja aliweka vijiti vyake mtoni ili kuelekeza gololi shambani kwake. Vijiti ndivyo vilikuwa mabanio.

Gololi zilimwagwa kutoka juu. Waliokaa juu walizinasa nyingi. Waliokaa chini walipata chache, au walikosa kabisa. Mtu aliyezoea kupata maji kila siku aliweza kuona kwa macho yake hali ya yule wa chini. Ndipo wakulima walipozungumza: tufanyeje ili gololi zifike hadi mwisho wa ubao?

Nanyi mnaweza kuucheza mchezo huu katika darasa la kisomo. Tafuteni ubao, vijiti na gololi au mbegu za mviringo. Chezeni mara ya kwanza bila kupatana. Hesabuni kila mmoja amepata ngapi. Kisha mpatane na mcheze mara ya pili. Mwisho, aliyekaa juu akae chini, na wa chini akae juu. Hapo mtajifunza mengi kuliko kwa kusoma gazeti hili.

JE, TULETE MAJI KUTOKA BONDE JINGINE?

Watu wengine husema, "Kama bonde letu halina maji, tuvute bomba kutoka bonde jingine." Jambo hilo linawezekana. Shinyanga na Kahama wanapata maji ya bomba kutoka Ziwa Victoria tangu mwaka 2009. Ni kazi kubwa na imewasaidia watu wengi.

Lakini kumbuka hesabu yetu ya ndoo. Bomba linaweza kuleta maji ya kunywa. Ni vigumu sana kwa bomba kuleta maji ya kulima mpunga, kwa sababu mpunga unataka ndoo 200,000 kwa ekari. Tena kila bonde lina wenyewe. Maji unayoyavuta huku yanapunguzwa kule. Kabla ya kuvuta maji ya jirani, kwanza tutumie vizuri ya kwetu.

NINI KIFANYIKE?

Tunajua sasa mambo yanayoweza kusaidia.

Kwanza, tufunge mabanio kiangazi, kama hakuna mazao shambani. Mtu atauliza, "Na maji ya kunywa je?" Swali hilo ni la haki. Vijiji vingi vya Usangu vilikuwa vinachota maji ya nyumbani katika mifereji hiyo hiyo. Lakini mfereji wa udongo unapoteza maji mengi njiani. Mto mzima unaingizwa mferejini ili watu wachote ndoo chache. Ni afadhali kijiji kipate kisima au bomba. Maji yatakuwa safi zaidi, watoto wataugua kuhara mara chache zaidi, na mfereji utafungwa bila mtu kupata kiu. Kwa hiyo kisima cha kijiji cha juu kinaweza kuwa msaada kwa mto wote.

Pili, tupande kwa mpango. Wakulima wa juu wakiloweka majaruba mapema mno, kabla ya mvua, wanachukua maji wakati mto ni mdogo sana. Wa chini wanachelewa kupanda, na mpunga wao unakauka kabla ya kukomaa. Tukikubaliana tarehe ya kuanza, na kupeana maji kwa zamu, wote watavuna.

Tatu, tusawazishe majaruba na kuimarisha kingo zake. Jaruba lililosawazishwa linahitaji maji ya kina kidogo. Jaruba lenye mabonde linataka maji mengi ili kufunika vilima vyake.

Nne, tulinde kingo za mito. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto au ziwa. Mita 60 ni kama hatua 80 za mtu mzima. Nenda ukapime.

Tano, mifugo ipatiwe njia na mahali pake pa kunywea. Mfugaji akihesabiwa katika mpango, hana haja ya kuvunja banio la mkulima.

SHERIA INASEMA NINI?

Mwaka 2009 nchi yetu ilipata Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji. Sheria hiyo inaweka utaratibu. Maji ya kunywa na ya nyumbani yanatangulia. Kisha yanafuata maji ya kuulinda mto wenyewe na viumbe vyake. Baada ya hapo ndipo matumizi mengine yanapofuata, kama kilimo, viwanda na umeme.

Kila bonde lina Bodi ya Maji ya Bonde. Ofisi ya Maji ya Bonde la Rufiji ilianzishwa mwaka 1993, na iko Iringa. Huko ndiko vibali hutolewa. Chini ya Bodi ya Maji, wananchi wanaweza kuunda Jumuiya ya Watumia Maji. Jumuiya hii ni ya watu wanaotumia mto mmoja au kijito kimoja. Inapanga zamu, inalinda vyanzo, na inamaliza ugomvi kabla haujafika mahakamani.

Jumuiya nzuri haina wakulima wa juu peke yao. Ina watu wa juu, wa katikati na wa chini. Ina wakulima na wafugaji. Ina wanawake, maana wao ndio huchota maji ya nyumbani na wao ndio hujua kisima kimekauka siku gani. Mkutano wa maji usio na mtu wa mwisho wa mfereji haujatimia.

WEWE UFANYE NINI?

Ndugu msomaji, usingoje mto ukauke. Kidole kimoja hakivunji chawa. Mto mmoja hauwezi kulindwa na mtu mmoja, wala na kijiji kimoja, wala na ofisi moja.

Uliza kama kuna Jumuiya ya Watumia Maji katika mto wenu. Kama ipo, jiunge. Kama haipo, mzungumze katika mkutano wa kijiji, kisha mwiteni afisa wa maji awaeleze namna ya kuianzisha. Wekeni mti wenye alama za sentimeta mtoni. Andikeni kila juma maji yamefika alama gani. Sasa unajua kusoma na kuandika. Daftari hilo litakuwa ushahidi wenu siku ya mkutano. Mtu mwenye daftari hasemi, "Nadhani maji yamepungua." Husema, "Mwezi wa Agosti maji yalikuwa sentimeta 40. Leo ni 15. Hebu tupange."

Kisha fanyeni safari. Chagueni wajumbe wachache waufuate mto hadi kijiji cha chini kabisa. Waone watu wa huko wanakunywa nini mwezi wa Oktoba. Wakirudi, wawaeleze wenzao.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kijiji chetu kimo katika bonde gani la maji? Mto wetu unaanzia wapi, na unaishia wapi?

2. Nani wako juu yetu mtoni? Nani wako chini yetu? Je, tumewahi kukaa nao mkutano mmoja?

3. Kwa nini banio la zege linaweza kumnufaisha mtu wa juu na kumdhuru mtu wa chini? Tungefanyaje ili wote wanufaike?

4. Je, mifereji yetu inafungwa kiangazi? Kama haifungwi, ni kwa sababu gani?

5. Familia yako hutumia ndoo ngapi kwa siku? Kwa mwaka ni ndoo ngapi? Linganisha na ndoo 200,000 za ekari moja ya mpunga.

6. Maji yakipungua mwaka huu, nani apunguziwe kwanza, na kwa kiasi gani? Patanezi jibu sasa, wakati maji bado yapo.